Machozi ya Bungeni na Majeruhi wa Ufipa

Mwezi Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alisimama Bungeni mjini Dodoma kufafanua kauli aliyoitoa siku chache kabla, akiwa ziarani mikoani. Katika ziara ile alikuwa amesema, kwa hasira ya mtu aliyechoshwa na habari za mauaji ya watu wenye ualbino, kwamba anayekutwa akiua naye auawe. Kauli hiyo ilizua kelele, na haki ilikuwa izue, kwa kuwa msimamizi wa shughuli za Serikali hana ruhusa ya kuhalalisha hukumu ya njiani. Alipofika mahali pa kuwaeleza wabunge mateso yaliyomfanya aseme vile, sauti ilimkatika, akalia.

Tangu saa ile habari ikawa ni machozi. Iliulizwa iwapo yalikuwa ya kweli au ya kisiasa. Iwapo kiongozi wa cheo chake anafaa kulia mbele ya kamera. Iwapo machozi yanafuta kauli au yanaithibitisha. Picha ya kitambaa cheupe machoni pa Waziri Mkuu ikazunguka nchi nzima. Wale walioliliwa, watu waliovamiwa vitandani usiku kwa mapanga, walirudi kuwa idadi: wangapi mwaka huu, wangapi tangu mwaka juzi. Hakuna aliyekusudia ubaya katika jambo hili. Ndivyo kamera ilivyozoea kugeuka, nayo humgeukia anayejulikana.

Pinda ni mwana wa Mpanda, na Mpanda wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa, kabla ya Katavi kumegwa na kuwa mkoa wake mwaka 2012. Mauaji mengi yaliyokuwa yakiripotiwa wakati ule yalitokea Kanda ya Ziwa, katika Mwanza, Shinyanga na sehemu za jirani zenye machimbo ya dhahabu na uvuvi wa fedha za haraka. Lakini zamu ya Rukwa ilikuwa inakuja. Ilipokuja, iliukuta mkoa ambao magazeti yalikwisha kuuandikia hadithi yake zamani, ikabaki kuingiza matukio mapya katika hadithi kongwe.

Hadithi hiyo kila Mtanzania anaijua. Mtaje mtu wa Sumbawanga katika baraza lolote, la Tanga au la Unguja, na kabla hujamaliza sentensi atatokea mcheshi wa kuuliza kama amekuja kwa basi au kwa ungo. Sumbawanga, wanasema, radi hutumwa kama barua. Sumbawanga, wanasema, deni halilipwi kwa mahakama. Maneno haya yamo katika vichekesho, katika filamu, katika nyimbo za vijana, na katika vichwa vya habari vya magazeti pendwa yanayouzwa vituo vya daladala. Kwamba uwanda wa Ufipa umeinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, wazi, wenye miti michache na mvua kubwa za masika, na kwamba mahali pa namna hiyo radi hupiga bila ya kutumwa na mtu, ni elimu ambayo mcheshi haihitaji.

Ajabu ni kwamba jina lenyewe linasema kinyume. Wafipa wengi hulifasiri kuwa ni amri: tupa uchawi. Anayeingia katika mji huu aache mizigo yake ya uganga mbaya huko nje. Kama tafsiri hiyo ndiyo asili ya jina au ni busara iliyozuliwa baadaye, wanaisimu wabishane. Kilicho wazi ni kuwa wenyeji walipotaka kujieleza walichagua maana ya kuukataa uchawi, na wageni wakachukua neno la pili tu katika mawili.

Historia nayo iko upande wa wenyeji. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1880 akielekea pwani kutoka maziwa, alimkuta Mwene Kapufi wa Nkansi na watu wake, akaandika kwamba hakuwa ameona katika safari yake watu waliojishughulisha na kilimo tupu kama Wafipa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyeishi Ufipa miaka ya mwanzo ya uhuru na kuandika juu yake maisha yake yote, aliona jamii iliyojengwa juu ya matamko ya heshima, maelewano na kazi, wahunzi wake wakiyeyusha chuma katika tanuri za udongo ndefu kupita kimo cha mtu, na falme zake mbili, Nkansi na Lyangalile, zikiwa zimefika mahali ambapo mabavu baina ya raia yalikuwa aibu kubwa. Huenda Willis aliwapenda mno. Msomaji wa leo ana haki ya kushuku picha isiyo na doa. Hata hivyo, kati ya picha ya msomi aliyekaa miaka na picha ya mcheshi asiyewahi kuvuka Tunduma, si vigumu kujua ya nani ina uzito.

Desturi ya kumtafuta mashuhuri na kumpita aliyeumia haikuanzia katika magazeti pendwa. Nchi hii ya baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa iliingia katika magazeti ya dunia kwa mlango huohuo. Mwaka 1869 James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald, hakumtuma Henry Morton Stanley kuja kuandika habari za biashara ya utumwa. Alimtuma kumtafuta David Livingstone, kwa kuwa Livingstone alikuwa mtu mashuhuri aliyepotea, na mashuhuri aliyepotea huuza magazeti. Wakakutana Ujiji mwezi Novemba 1871. Salamu inayosemekana Stanley aliitoa siku ile inajulikana hadi kwa watoto wa shule. Miezi minne tu kabla, tarehe 15 Julai, katika soko la Nyangwe kwenye mto Lualaba, Kongo ya leo, watu wa mfanyabiashara aliyetoka pwani waliwafyatulia risasi watu waliokuja kuuza na kununua, wengi wao wanawake. Waliouawa kwa risasi na waliozama mtoni walihesabiwa kwa mamia. Livingstone alikuwepo. Hakuna mtoto wa shule anayelijua hata jina moja la mwanamke wa soko lile.

Kuna jambo katika kisa hiki ambalo kama mtunzi angelibuni angeambiwa ametia chumvi. Livingstone alikuwa ameishiwa na karatasi. Aliandika kumbukumbu za siku ile juu ya gazeti kuukuu la London, The Standard la mwaka 1869, akigeuza ukurasa upande na kupitisha mistari yake juu ya chapa, kwa wino aliojitengenezea kwa mbegu za mti. Wino ukafifia, chapa ikabaki. Kwa zaidi ya karne moja mtu aliyezifungua karatasi zile aliweza kuzisoma habari za gazeti kuliko habari za Nyangwe. Mwaka 2011 jopo la wataalamu waliozipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali lilifanikiwa kuyaokoa maneno, na ikaonekana kwamba yaliyochapishwa baadaye kwa ajili ya wasomaji wa Uingereza hayakuwa sawa kabisa na yaliyoandikwa sokoni; maswali yakazuka hata juu ya mwenendo wa baadhi ya wafuasi wa Livingstone mwenyewe siku ile. Mashuhuri alikuwa amesafishwa kidogo kabla ya kufika kwa msomaji.

Isisemwe, lakini, kwamba umaarufu haukufaa kitu. Stanley aliporudi na barua za Livingstone, habari za Nyangwe ziliwasha moto Uingereza. Sir Bartle Frere akatumwa Unguja, na mwezi Juni 1873 Sayyid Barghash akatia saini mkataba uliofunga soko la watumwa la Mkunazini. Wanawake wa Nyangwe walisikika kwa sababu shahidi wao alikuwa na jina. Hapa ndipo penye ugumu wa suala hili lote, na anayelaumu magazeti kwa pupa aukumbuke. Jina kubwa ni kipaza sauti. Balaa ni pale kipaza sauti kinapojisikiliza chenyewe.

Livingstone mwenyewe alipita pwani ya ziwa upande wa Ufipa mwishoni mwa 1872, akiwa mgonjwa. Alipofariki mwezi Mei 1873 kwa Chitambo, Zambia ya leo, watu wake, wakiwemo Chuma na Susi, waliukausha mwili wake na kuubeba kurudi pwani, wakipanda kwa njia ya nchi hiihii ya Wafipa. Tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa Westminster Abbey. Magazeti yaliijaa safari hiyo ya jeneza, na kwa kweli ni safari ya ajabu. Lakini katika njia zilezile, miaka ileile na ile iliyofuata, walikuwa wakipita watu wenye minyororo, wakiwa hai, kuelekea Kirando, Tabora na Bagamoyo, na hakuna mwandishi aliyekuwa akiwangoja mwisho wa njia.

Wachache wao waliandikwa, na ni vizuri kuona waliandikwaje. Katika ukanda wa kati ya Nyasa na Tanganyika, wanawake waliotekwa wakiwa watoto au wake wa watu, wakauzwa, wakatoroka, wakatekwa tena, walikuja kuishi karibu na vituo vya misheni katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Uzeeni walisimulia. Elise Kootz-Kretschmer wa misheni ya Wamoravia alikaa na akina Narwimba na Chisi akasikiliza. Dugald Campbell aliandika habari za Bwanikwa, mwanamke wa Kiluba aliyepita mikononi mwa mabwana mara kumi. Mwanahistoria Marcia Wright alizikusanya simulizi hizo katika kitabu mwaka 1993. Hazina mapambo. Narwimba anaeleza nani alimchukua, nani alimpa chakula, kwa nini alimwendea mtu huyu na si yule ili mwanawe asiuzwe. Hasemi alijisikiaje, ila msomaji anajua. Shambulio ni sehemu moja ya maisha marefu. Kabla yake kulikuwa na shamba na mama, baada yake kulikuwa na ndoa, mtoto, njaa, ugomvi na jirani. Wamisionari walikuwa na lao, ni kweli: walitaka ushuhuda wa nuru kulishinda giza, na pengine walinyoosha pale palipopinda. Lakini walimwacha mzungumzaji afike mwisho wa sentensi yake.

Gazeti la leo halimpi mhanga wa Rukwa nafasi hiyo, na kwa hilo linayo sababu ya kibiashara. Mwandishi wa mkoani aghalabu si mwajiriwa. Hulipwa kwa habari iliyochapishwa, tena kidogo. Habari yake husafiri hadi Dar es Salaam, ambako mhariri hujiuliza swali moja: nani huyu? Ikiwa jibu ni mtu asiyejulikana, habari hupewa aya nne ukurasa wa ndani, isipokuwa kama ina jambo la kushtua. Basi mwandishi, ambaye naye ana watoto, hujifunza upesi kuliweka la kushtua mbele. Sumbawanga humpa la kushtua bure: neno lenyewe tu lina uchawi ndani yake.

Mfano wa namna mizani ilivyolala umo katika miezi kumi tu. Tarehe 7 Aprili 2012 mwigizaji Steven Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na umri wa miaka 28. Alikuwa kinara wa filamu za Kiswahili. Aliigiza na Wanigeria, alifika kila nyumba yenye televisheni kutoka Kigoma hadi Pemba. Maelfu walijaa viwanja vya Leaders siku ya kumuaga, tarehe 10, na mazishi yake Kinondoni yakarushwa hewani. Nchi ililia, na kilio kile kilikuwa cha haki. Kilichofuata hakikuwa kilio tena. Mwigizaji mwenzake, Elizabeth Michael, aliyeitwa Lulu, alishitakiwa, na kwa miezi magazeti pendwa yalichapa umri wake, urafiki wake, mavazi yake, na kila alichosema au kusemekana kusema mahabusu. Mahakama Kuu ilikuja kumtia hatiani kwa kuua bila kukusudia mwezi Novemba 2017, ikamhukumu kifungo cha miaka miwili. Kwa miaka mitano na nusu, aliyekufa na aliyeshitakiwa walikuwa bidhaa moja, na mama za wote wawili waliulizwa maswali ambayo mtu hamuulizi adui.

Kisha Februari 2013. Katika siku 16 kati ya mwisho wa Januari na katikati ya Februari, watu wanne wenye ualbino walishambuliwa nchini Tanzania, watatu wakiwa watoto. Mtoto mmoja wa miaka saba alifariki. Mashambulio mawili yalitokea Rukwa, katika nchi ya Ufipa na pembezoni mwake, yakifuatana kwa siku chache: mwanamke mtu mzima aliyekatwa mkono nyumbani, na mtoto wa shule aliyekatwa mkono akitoka darasani. Majina yao yalichapwa wakati ule, pamoja na vijiji vyao na picha za vidonda vyao. Hayana haja ya kurudiwa. Tarehe 5 Machi Navi Pillay, Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alitoa tamko Geneva akalaani, na kukumbusha kwamba kati ya mauaji 72 yaliyoorodheshwa tangu mwaka 2000, ni kesi tano tu zilizojulikana kufika kwenye hukumu ya hatia.

Kesi tano katika 72. Takwimu hii ingetosha kuwa kichwa cha habari kwa mwezi mzima. Mwandishi angeweza kuzifuata zile 67: jalada liko wapi, shahidi alihama, hakimu alihamishwa, nani alimpa nani fedha. Habari za Kanumba zilifuatwa hadi kwa daktari aliyeuchunguza mwili. Habari za mkono wa mtoto wa Rukwa zilifuatwa hadi wodini, zikaishia hapo baada ya picha.

Na picha yenyewe iangaliwe. Ziko za namna mbili. Ya kwanza ni ya kidonda, imepigwa karibu, uso wa mtoto ukitazama pembeni. Ya pili ni ya mgeni. Baada ya mashambulio, watoto wengi wenye ualbino walihamishiwa katika vituo na shule za bweni, kama Buhangija mjini Shinyanga na Kabanga huko Kasulu, mbali na wazazi, na kwa miaka iliyofuata vituo hivyo vikawa mahali pa kufikia watu wenye majina: wanasiasa, warembo wa mashindano, wanamuziki, wenye makampuni. Chini ya picha ya mgeni akikabidhi sukari na sabuni huandikwa jina lake lote na cheo chake. Waliosimama mbele yake huandikwa: watoto wenye ualbino wakipokea msaada. Anayepokea hana jina hata pale ambapo jina lake halingemhatarisha, na anapolazwa hospitali, ambako jina lingefaa kufichwa, linachapwa kwa wino mzito. Kanuni za maadili za Baraza la Habari Tanzania, chombo kilichoundwa na wanahabari wenyewe mwaka 1995, zinawataka wanachama wake wawachunge watoto na waliofiwa. Kanuni haina meno mbele ya mauzo.

Lugha nayo ina sehemu yake katika dhambi hii, na hapa wapenzi wa maneno wana la kutafakari. Mitaani watu wenye ualbino waliitwa dili. Kijana akipita, wenzake huita: dili hilo. Neno limetoka katika biashara na kumfanya mtu kuwa bidhaa kabla hata panga halijachomolewa. Magazeti hayakulibuni neno hilo, lakini yalilikaribisha. Yalichukua pia neno viungo. Kwa msomaji wa visiwani, viungo ni karafuu, iliki na mdalasini, ni harufu ya jikoni siku ya Idi; katika vichwa vya habari vya miaka ile, viungo vilikuwa vya albino, navyo vilikuwa na bei. Bei! Ripoti moja ya Shirikisho la Msalaba Mwekundu ya mwaka 2009 ilitaja kiasi cha dola 75,000 kwa mwili mzima, na kiasi hicho kikarudiwa na magazeti ya ndani na ya nje kwa zaidi ya miaka kumi, bila ya kuonekana mnunuzi aliyeshitakiwa na kukiri kulipa fedha hizo. Kila kilipochapwa, maskini fulani mwenye jirani mwenye ualbino alikisoma. Bidhaa ikitangazwa bei kila siku, hata kama duka halipo, atatokea wa kulitafuta duka.

Mbona basi hapakutafutwa wanunuzi? Vicky Ntetema, aliyekuwa mkuu wa ofisi ya BBC Tanzania, alijaribu. Mwaka 2008 aliwaendea waganga Kanda ya Ziwa akijifanya mteja, akarudi na ushahidi wa maneno yao. Alitishiwa maisha, akalazimika kuondoka nchini kwa muda. Vyombo vya habari vya dunia vikafurahia kupata shujaa: mwandishi jasiri, mwanamke, aliyejificha. Mwaka 2010 akapewa tuzo ya kimataifa ya ujasiri. Yeye mwenyewe aliacha utangazaji akaenda kufanya kazi na shirika la kuwatetea watu wenye ualbino, Under the Same Sun, akaliongoza nchini Tanzania kwa miaka. Kuacha kipaza sauti ili kwenda kuhesabu makaburi ni uamuzi ambao vyombo vya habari havikuwa na namna ya kuupamba, na kwa hiyo vilizungumza zaidi juu ya mwaka 2008 kuliko miaka iliyofuata.

Kwa Rukwa hasa, kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali la historia. Ufipa imewahi kupambana na hofu ya uchawi, tena hadharani. Mwaka 1963 na 1964, uhuru ukiwa mchanga, vijana wa harakati iliyoitwa Kamchape walizunguka vijijini wakidai kwamba watasafisha nchi. Jina limetokana na neno la kufua nguo. Wanakijiji walichanjwa, wakanyweshwa dawa, wakatoa pembe na vibuyu vyao na kuvirundika. Willis aliyashuhudia hayo akayaandika. Waliotajwa kuwa wachawi walikuwa aghalabu wazee, na waliowataja walikuwa vijana. Waliotajwa walifedheheshwa na kutozwa fedha, kisha wakanyolewa na kurudishwa katika jamii. Serikali, ikiishika Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ambayo inamwadhibu pia anayemsingizia mwenzake, haikupendezwa. Si jambo la kusifiwa. Wazee waliodhalilishwa nao walikuwa wahanga, na hakuna aliyewauliza. Lakini kati ya kumnyoa mzee na kumkata mtoto mkono kuna umbali mkubwa sana, na kwamba umbali huo ulivukwa katika muda wa nusu karne ni jambo linalodai maelezo: fedha, madini, waganga wanaohamahama na matangazo yao, uchaguzi mkuu unapokaribia na wagombea wanapotafuta kinga. Mwandishi anayesema ndivyo Sumbawanga ilivyo amejiokolea kazi yote hiyo. Amewaokoa pia wenye fedha walioagiza, kwa sababu mila haiwezi kupandishwa kizimbani.

Mwezi Machi 2015, miezi miwili baada ya Serikali kutangaza marufuku dhidi ya wapiga ramli, mtoto mwingine mdogo wa Rukwa alikatwa kiganja usiku. Mwaka ule yeye na wenzake kadhaa waliojeruhiwa katika mikoa mbalimbali walipelekwa Marekani na shirika la hisani kutengenezewa viungo bandia. Kamera za New York ziliwapenda. Kwa majuma machache watoto waliokuwa idadi wakawa nyota: wakicheza, wakicheka, wakijaribu mikono mipya. Watu wema walichangia, na mikono ile ilikuwa ya kweli na yenye manufaa. Mtoto hukua, lakini, na mkono bandia haukui naye. Unapaswa kubadilishwa kila baada ya muda, na safari hizo za pili na za tatu zilikuwa na kamera chache zaidi.

Ushairi wa pwani una mlango wake katika haya, nao ni tanzia. Tangu zama za tenzi za kale, mtunzi humlilia shekhe wake, mfalme wake, mwalimu wake, na mwaka 1999 kurasa za mashairi za magazeti zilijaa maombolezo ya Mwalimu Nyerere kwa majuma. Tanzia hudai jina. Hujengwa juu ya nasaba, sifa na matendo. Asiye na nasaba inayojulikana ataliliwa kwa vina gani? Lakini Wafipa wanalo jibu lao katika ngano zao. Willis alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1978, na anwani aliyokipa kitabu chake, ikiletwa kwa Kiswahili, ni Palikuwa na Mtu Mmoja. Mtu wa ngano hana jina wala cheo, na hakuna anayeuliza ni nani. Anatoka nyumbani, anavuka mto, anakutana na mwenye hila, anapoteza alichobeba, anatafuta njia ya kurudi. Wasikilizaji wanakaa naye usiku mzima, na hakuna anayeondoka barazani kabla ya kujua alifikaje kwao.